Kichupa cha Kumkuza Profesa

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeweka dau. Barazani, mbele ya wazee wote, kikombe mkononi!

Jumamosi ya wiki ijayo mabeberu watapimwa uzito uwanjani hapa Mwabungo. Ni Profesa, beberu wangu, dhidi ya Trela, beberu wa Kiilu. Kiilu ni yule aliyehamia kutoka Kitui akapata shamba la skimu ya makazi. Mwaka jana Trela alimshinda Profesa, na Kiilu hakujisifu hata kidogo. Hiyo ndiyo dharau yenyewe.

Masharti: atakayeshindwa hafungui mdomo barazani mpaka mvua za vuli. Kwa Kiilu si adhabu, maana yule hutoa neno kama anang'olewa jino. Kwangu ni kifungo. Nimefundisha baiolojia mpaka nikastaafu, na wanafunzi niliobakiwa nao ni wazee wa baraza. Juzi nimewafikisha kwenye figo. Nikinyamaza, nani atawatoa kwenye figo?

Abdurahman, muuza kahawa, alisema anamwombea Trela dua. Alisema ana redio nzuri ambayo hajawahi kuisikia.

Sitashindwa. Nina sayansi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeipata mtandaoni! Protini ya homoni inayochochea kutolewa kwa homoni ya ukuaji. Jina refu, kazi fupi. Nieleze taratibu, kama mezani pangu pa zamani.

Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya kunde. Hiyo ndiyo hutoa homoni ya ukuaji. Lakini haijitumi, hungoja kuambiwa. Homoni niliyoipata mimi ndiyo mjumbe wa kuiambia: haya, toa! Na mjumbe huyu hakukamuliwa kutoka kwa mnyama. Wataalamu wamechukua maagizo yake ya kijeni, wakayapachika ndani ya bakteria, na bakteria wakamfyatua kama matofali. Bakteria! Machozi yalinilengalenga.

Nilimweleza mke wangu, Mwanasha. Aliniacha nimalize, akasema ni jambo kubwa, akauliza nazi ziko wapi.

Tatizo moja. Muuzaji wa Nairobi huwauzia watafiti wa maabara tu. Hawauzii wastaafu. Nikatafakari kidogo, nikapaka ubao rangi, nikaupigilia juu ya mlango wa banda: MAABARA YA UTAFITI, MWABUNGO. Nikapiga picha nikawatumia. Profesa alitokea pembeni, pembe moja tu.

Wamejibu! Wameniita Ndugu Mkurugenzi. Nimemsomea Mwanasha barua hiyo mara kadhaa. Amesema Mkurugenzi amesahau nazi tena.

Jumatatu, 11 Agosti

Mzigo umefika Ukunda! Nilikwenda kuuchukua nikiwa na koti langu jeupe la darasani. Vifungo havifiki tena, lakini heshima inafika.

Sanduku kubwa, barafu tele, na katikati kichupa cha kioo kisichozidi kidole gumba. Ndani hakuna kitu. Yaani, kwa jicho la kawaida. Mimi nilikielekeza kwenye jua nikaona utando chini, kama pumzi kwenye kioo. Hiyo ndiyo protini, imekaushwa. Mtu asiyesoma angedhani ni chupa tupu. Nilicheka peke yangu.

Lebo inasema ni kwa utafiti wa maabara pekee, isitumike kwa binadamu wala mnyama. Nimelipima jambo hili kwa uadilifu. Banda ni maabara. Ubao unasema hivyo. Basi aliyemo bandani si mnyama, ni utafiti.

Nimekificha kwenye friji, nyuma ya barafu za ukwaju anazouza Mwanasha. Sijamwambia. Yumo kwenye maandalizi ya harusi ya mpwa wake kule Galu, anagawa marashi kwa wanawake wa ukoo, analalamika kwamba vichupa havitoshi. Mambo ya harusi! Sikusikiliza.

Jumatano, 13 Agosti

Ubao umeleta balaa. Asubuhi nilikuta foleni mlangoni pa banda. Mama mmoja alitaka kupimwa malaria. Mzee mwingine alinikabidhi kopo lililofungwa vizuri, akasema amekuja nalo likiwa bado na joto. Nikamweleza kuwa hii ni maabara ya namna nyingine. Akauliza ni ya namna gani. Nikamweleza. Jua lilipopanda walikuwa wameondoka wote, mama wa malaria akisema amepona.

Samuel, msaidizi wa daktari wa mifugo, alipita. Nikamwomba amdunge Profesa sindano. Alisoma lebo kwenye sanduku, akaomba radhi sana, akasema yeye hadungi kitu kilichokatazwa kudungwa. Akaongeza kwamba mjumbe wa aina hiyo humalizika mwilini kabla hujafunga mlango wa banda, na kwamba dawa ya Profesa ni minyoo kutolewa.

Kijana mzuri. Hana upeo.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemdunga mwenyewe!

Lakini kwanza muujiza. Nilifungua friji, nikakuta kichupa kimehamia mlangoni, na kimejaa maji safi. Nilishtuka. Kisha nikafurahi. Bila shaka unga mkavu ulivuta unyevu wa friji ukajiyeyusha wenyewe. Nimepunguziwa kazi! Na harufu! Nilitarajia harufu ya maabara, nikakutana na waridi. Bakteria wa siku hizi wamestaarabika.

Kumnywesha haifai. Protini ikiingia tumboni humeng'enywa kama maharagwe. Nikamwelezea Profesa haya huku nikimshika pembe. Aliruka kabla sijafika mwisho. Nusu ikamwingia, nusu ikammwagikia mgongoni, na kidogo kwenye koti langu.

Jioni barazani walinusanusa wakauliza nani ameoa. Nilitabasamu tu.

Ijumaa, 15 Agosti

Inafanya kazi! Nilipotokeza asubuhi na koti na bomba la sindano, Profesa aliruka ukuta wa banda. Ukuta ule hajawahi kuuruka! Misuli imeamka! Nilimfuata mpaka Galu, tukapita bustani ya hoteli mbele ya wageni waliokuwa wakinywa chai. Wakapiga picha. Mlinzi akaniuliza, "Daktari, mgonjwa wako ni yupi?"

Tulirudi jua likizama. Hakula. Nadhani anajenga mifupa kwanza.

Kesho!

Jumamosi, 16 Agosti

Sitaki kuandika.

Naandika. Bi Sidi, afisa wa mifugo, ndiye aliyeshika mzani. Trela alipanda, akasimama kama mzigo wa mawe. Amezidi mwaka jana. Kisha Profesa. Bi Sidi aliinama, akanusa, akauliza beberu huyu ni bwana harusi au bibi harusi. Uwanja mzima ulicheka. Majike ya mbuzi waliofungwa pembeni walimgeuzia kisogo. Beberu asiyenuka beberu!

Amepungua. Ni mwepesi kuliko mwaka jana! Bi Sidi alimpima tena kwa huruma. Akapungua zaidi, maana katikati ya vipimo alijisaidia.

Niliuliza Trela analishwa nini. Kiilu alifikiri sana. Akasema, "Majani ya lusina. Na simkimbizi."

Basi. Kifungo kimeanza. Abdurahman amewasha redio.

Jumapili, 17 Agosti

Mwanasha amerudi kutoka harusini akiwa na furaha. Amesema hakuna kilichosifiwa kama marashi. Amesikitika tu kwamba kichupa kimoja kimepotea, cha kioo, kizuri kuliko vyote, alichokiokota nyuma ya barafu kikiwa kitupu. Alikiosha vizuri, akakijaza, akakiweka mlangoni mwa friji.

Niliketi. Nilimdunga beberu marashi.

Nilimuuliza maji aliyooshea aliyamwaga wapi. Akasema kwenye mchicha, kwani kuna nini Baba Hasina, mbona umegeuka rangi?

Barazani hali ni mbaya. Jioni hii Kiilu anakuja akiwa na adabu zake zote, anasimama mbele yangu na kusema, "Shikamoo, mwalimu!" Nami siwezi kuitikia. Anangoja. Wazee wanangoja. Anarudia, pole pole, asije akawa hakusikika. Mtu mzima asiyeitika marahaba! Halafu Abdurahman akawaambia wenzake kwamba figo ni mbili, na zote ziko kushoto. Kushoto! Niliuma kikombe.

Jumatano, 20 Agosti

Nimekuwa mpumbavu. Nilikuwa natazama upande usiofaa!

Homoni haikushindwa. Haikujaribiwa. Profesa hakuionja hata chembe. Ulioionja ni mchicha. Na leo nimeupima mchicha kwa utepe wa Mwanasha wa kushonea. Ule wa upande alipomwagia umewapita wenzake! Mwanasha anasema ndipo bomba linapovuja. Maneno ya nyumbani. Ndiyo, najua mmea hauna ubongo, wala hauna tezi chini ya ubongo ambao hauna. Nimelifundisha jambo hilo mwenyewe. Lakini ni nani aliyewahi kuuliza mchicha?

Nimeongeza mstari kwenye ubao: KITENGO CHA MBOGA. Nimeagiza kichupa cha pili. Profesa aliniona nikitoka na koti, akaruka ukuta. Safari hii sikumfuata, sina haja naye.

Na nimefukua ubao wangu mdogo wa darasani, na chaki. Jioni Kiilu aliponijia na shikamoo yake, niliandika MARAHABA kwa herufi kubwa. Nikageuza upande wa pili, nikachora figo, moja kulia. Abdurahman alilalamika kwamba nimevunja masharti. Wazee wakabishana, wakaamua: walisema nisifungue mdomo, na mdomo umefungwa.

Kesho naanza mchicha. Nimenunua chaki boksi zima.