Ombi la Kioo kwa Mgombea wa Mudugudu

Kamembe, Rusizi

Kwa Ndugu Katibu Mtendaji wa Sekta,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe na nyumba yako na wale wanaokupikia chai ofisini. Mimi ni Mudathiru, kinyozi, mwenye saluni ya mlango wa kijani ukishuka kutoka sokoni. Uliwahi kunyolewa kwangu ukaondoka bila hata kujitazama, kwa haraka ya kazi. Nilikuheshimu tangu siku ile, maana ni wachache wanaomwamini kinyozi kiasi hicho.

Nakuandikia kuhusu uchaguzi wa mkuu wa mudugudu, kijiji chetu hiki. Tulikuwa wagombea wawili, mimi na Maman Patricie anayeuza vitenge, na watu walichagua kwa kupanga mstari nyuma ya wanayemtaka. Maman Patricie akatangazwa mshindi. Sina kinyongo naye. Alirudi kutoka Kongo na mabegi mawili, leo ana duka, na akikuuzia kitenge anakupunguzia kabla hujaomba. Yeye alipata uwanja mzima. Mimi nilitangaziwa watu wanne. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mgombea anakatazwa kugeuka. Mwalimu aliyesimamia uchaguzi alituweka mbele, akatuelekeza nyuso ziwani, akasema atakayetazama nyuma ameharibu uchaguzi. Kwa hiyo saa ile mudugudu unanichagua, mimi nilikuwa nimekodolea macho Bukavu, ng'ambo ya Kongo, kana kwamba ni watu wa kule watakaonipigia kura. Nyuma yangu nilisikia viatu vingi na kikohozi na mtoto analia. Moyoni nikasema mstari wangu umefika barabarani, nikaanza kupanga maneno ya kushukuru. Tuliporuhusiwa kugeuka, hesabu ilikuwa imekwisha na mistari imevunjika, watu wote wamemzunguka Maman Patricie wanamkumbatia. Hata mke wangu, Mama Umuhire, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kumpongeza, maana ni mwanamke mwenye adabu sana.

Ndiyo maana mpaka leo sijui wale wanne ni akina nani. Hilo linaniuma, Ndugu Katibu, nakwambia bila kuficha. Kazi yangu ni kusimama nyuma ya watu. Hakuna mwanamume wa mudugudu huu ambaye sijasimama nyuma yake na wembe mkononi, nikijua kila kovu la kisogo chake na siri ya nywele zake. Mara moja tu maishani niliomba wao wasimame nyuma yangu, na siku hiyohiyo nikakatazwa kutazama.

2. Hesabu haipatani na ushahidi. Tangu siku ile hajaingia mtu saluni bila kuniambia kwamba alikuwa nyuma yangu. Nzabonimpa, yule fundi wa kuchomelea milango, aliniambia wembe ukiwa shingoni mwake, na mtu katika hali hiyo hana sababu ya kudanganya. Mzee Habumugisha aliniambia mara mbili, kabla ya kunyolewa na baada. Vijana wa pikipiki walisema walikuja wote, kwa pamoja, wakaacha abiria. Nilijaribu kuwajumlisha nikashindwa, maana wamekwisha kuupita mudugudu wenyewe kwa wingi.

Hapa ndipo naomba unifuate polepole. Watu wetu si waongo. Wewe mwenyewe, katika mkutano wa Jumanne, ulitusifu mbele ya wageni kwamba sisi ni mfano wa uaminifu katika sekta nzima, na mimi nilipiga makofi. Basi kama watu si waongo, na wote walikuwa nyuma yangu, hao waliokuwa nyuma ya Maman Patricie walitoka wapi? Simtuhumu mtu. Nauliza tu kama mpaka ulilindwa siku ile, upande wa Ruhwa kwa Warundi na upande wa Kongo.

Tena kuna Donatien, mfanyabiashara wa mchele. Siku ya uchaguzi alikuwa Bugarama, kwenye mashine za kukoboa, nina hakika kwa sababu aliniletea gunia kutoka huko jioni yake. Naye ameniambia kwamba alikuwa nyuma yangu. Nilipomkumbusha Bugarama hakuyumba; alisema mwili ulikuwa huko. Sasa mtu anayekuunga mkono kwa mbali hivyo, mstari wa uwanjani utampimaje? Hata shemeji yangu wa Bukavu amenipigia simu kusema naye alikuwa nyuma yangu. Kwa kuwa mimi nilikuwa nimeelekea Bukavu, nadhani yeye ahesabiwe kama aliyekuwa mbele yangu, lakini ahesabiwe.

3. Mgombea hawezi kusimama nyuma yake mwenyewe. Kwa utaratibu huu kura moja ya uhakika inapotea kila uchaguzi. Nimejaribu nyumbani na haiwezekani.

Kwa sababu hizo naomba ofisi yako itoe maagizo mapya. Kwanza, kila mgombea apewe kioo cha mkononi. Hatageuka, sheria itaheshimiwa, lakini ataona. Vioo ninavyo, nitaviazima bila malipo, hata kwa mpinzani. Pili, aliyesimama kwenye mstari asiruhusiwe kuondoka mpaka mgombea amemwona uso, amemtaja jina, na wamepeana mkono. Tatu, kwa kuwa uwanjani watu wana haraka na jua linachanganya mawazo, kura zihesabiwe saluni, kwa muda wa wiki mbili baada ya uchaguzi, watu wakishapata nafasi ya kufikiri vizuri walimchagua nani. Na kama haya yote ni mazito kwa ofisi, basi Maman Patricie aendelee na uongozi wa wale waliosimama nyuma yake, na mimi niongoze wale wanaosema walisimama nyuma yangu. Atabaki peke yake, masikini, na sitamfanyia ubaya.

Nisalimie wazee wa baraza, wale vijana wa usalama na mwalimu wetu, umwambie sina hasira naye, ila nywele zake zimekuwa ndefu. Msalimie pia mama wa nyumbani kwako na watoto wote, wanaosoma na wasiosoma. Nyumbani kwangu wote wanakusalimu kwa upendo.

Ni mimi mwananchi wako mtiifu,
Mudathiru, kinyozi,
Papa Umuhire

Baada ya sahihi: Nilimsomea Mama Umuhire barua hii jioni ili anisahihishie. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua maharage, kisha akasema hivi, nami nakuandikia kama alivyosema: «Papa Umuhire, uache tu bakataze kugeuka. Ungegeuka ile siku, haungeniona.» Nikamuuliza alikuwa wapi. Akasema kwa Maman Patricie, karibu na mbele. Nikamuuliza kwa nini. Akasema mkuu wa mudugudu kila magharibi anaitwa kwenye ugomvi wa nyumba za watu, na yeye anapenda magharibi mimi niwe hapa kwake. Hapo nikakaa, tukachambua wote. Kwa hiyo, Ndugu Katibu, ombi la kioo nalifuta, na yale mengine pia. Yeyote atakayegeuka aadhibiwe vikali. Nilidhani sheria ile imetungwa na mtu asiyejua uchaguzi; sasa naona ilitungwa na mtu mwenye ndoa.