Fimbo Yangu Inajua Maji

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimeamka mzima. Nashukuru. Kuna wasioamka. Jogoo wa jirani, kwa mfano.

Leo nimemhamisha punda wangu, Waziri. Jina hilo nilimpa kwa sababu ukimwomba kitu anakataa kwa heshima. Nimemfunga chini ya tangi la kijiji, ubavuni mwa hori la mifugo, ili kila asubuhi awe wa kwanza kunywa. Akili hiyo! Ila ardhi ngumu kama kisogo cha mkwe. Nimepigilia kigingi changu cha chuma, kipande cha ekseli ya lori, jasho likinitiririka. Kikagoma, kikagoma, kisha ghafla kikazama chote. Nguvu bado ninazo!

Shemeji Magrieta, dada mkubwa wa mke wangu, akapita na ufunguo wa pampu shingoni kama askofu na msalaba wake. Akauliza kama nafunga punda au najenga kanisa. Ufunguo ule ungenipendeza mimi.

Jumanne, 8 Oktoba

Balaa! Tangi limekauka kabla ya adhuhuri. Mbuzi wanalia kama wafiwa.

Bahati nzuri, mtaalamu wa maji yupo. Bi Tuyakula, binti wa Kiovambo kutoka Windhoek, anayechunguza visima vya upande wetu huu mkavu. Kateremsha utepe wake kisimani, ule wenye king'ora kinacholia kikigusa maji. Kimelia kwenye kina kilekile cha mwezi uliopita. Kisima kizima, pampu nzima, paneli za sola zinang'aa. Akasema basi maji yanapotea njiani, na kwa ukame huu hawezi kuturuhusu tuvute zaidi, tutakiua kisima. Yasipoonekana yanakopotea kufikia Jumamosi, mbuzi wote wahamishwe, mbali kule ng'ambo ya mji wa Khorixas.

Helmina, mke wangu, kalia. Mbuzi ni wake. Akasema wakienda anaenda nao. Sasa mimi nitapikiwa na nani? Na Waziri?

Nikasimama mbele ya kamati ya maji. Nikawaambia wasihangaike, ninayo fimbo yangu ya panda, ya mti wa mopane. Ukame ule mkubwa fimbo hii ilinusa maji ikanivuta kwa nguvu hata nikavitoka viatu. Tulirudi kuvichukua kesho yake. Shemeji akasema anakikumbuka kisa hicho, mwaka jana kilikuwa na kiatu kimoja. Watu wakacheka. Nikasema nikipata maji Jumamosi, ufunguo wa pampu ni wangu. Wakacheka zaidi, wakakubali. Nashukuru kwa watu wachangamfu.

Jumatano, 9 Oktoba

Bi Tuyakula anafuata kwa miguu njia ya bomba lililofukiwa, hatua kwa hatua, akigusa udongo. Akafika kwa Waziri. Waziri kampiga teke kofia. Kofia tu, tushukuru! Akaniomba nimhamishe. Nikamwambia mnyama huyu ana moyo mwepesi, akihamishwa mara mbili kwa wiki ataugua. Pale pana unyevu, akasema. Nikamweleza kuwa pembeni mwa hori siku zote pana matope, na tena Waziri hukojoa kama mto. Akaandika kitu, akapita.

Nilimwona akitikisa kichwa. Bila shaka kwa kustaajabia.

Ijumaa, 11 Oktoba

Fimbo ni ya kuaminika, lakini mwenye busara humsaidia Mungu. Nimechagua mahali pangu pa kupatia maji: chini ya kilima, penye mawe mekundu, pazuri kwa hadhira. Mchana, watu wote wamejilaza vivulini, nimebeba beseni la maji aliyofulia Helmina nikayamwaga shimoni, nikafukia. Kesho nachimba mbele yao. Udongo mbichi! Vigelegele! Ufunguo!

Helmina kauliza maji yake ya kumwagilia maboga yamekwenda wapi. Nikasema ni jua. Kaniwekea nyama ya mbuzi hata hivyo. Mwanamke wa kushukuriwa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku yangu!

Kijiji kizima kilimani. Nikatembea na fimbo, macho nimefumba. Ikatetemeka. Ikainama. Nikaanguka magoti, kwa urembo tu. Vijana wakachimba. Udongo mbichi! Nikainua mikono.

Bi Tuyakula akachota udongo, akanusa. Akamnusisha shemeji. Shemeji akasema, "Ajabu ya Mungu. Chemchemi yenye povu." Bi Tuyakula akaniuliza, kwa adabu zote, "Mjomba, maji haya ya chini ya ardhi yanatumia sabuni gani?" Helmina akaitambua. Akanitazama. Sitaki kuandika alivyonitazama.

Hapo ndipo Waziri akatupita mbio, kamba inaburuzika, kigingi hakuna. Tukageuka. Babu yuko kwenye hori! Tembo yule dume wa pembe iliyovunjika. Huku kwetu hatumwiti tembo jina lake, tunamwita Babu, na mkubwa akiwa mezani unasimama mbali unasubiri. Tukasubiri. Hori hakuligusa, lilikuwa kavu. Akanusa mahali pa Waziri, akachimba kwa mguu, akaingiza mkonga, akavuta kitu, akakitupa. Kisha akanywa. Akanywa! Shemeji akamwambia kwa mbali, "Kunywa, Babu, lakini utubakizie."

Alipoondoka tukakimbilia. Bomba lina tundu. Maji ya kijiji yote yalikuwa yanaishia pale! Kamati nzima ikasema ni Babu kalivunja, maana huku bomba likivunjika ni Babu. Bi Tuyakula akasema Babu kaja leo, maji yanapotea tangu Jumatatu. Hakuna aliyemsikiliza. Tulikuwa tunaimba. Mbuzi hawaendi popote! Helmina kanishika mkono. Nimelia kidogo. Vumbi.

Jumapili, 13 Oktoba

Vijana wametandaza bomba jipya lote na kulifukia. Tangi limejaa.

Baada ya ibada shemeji kaniletea maandazi yamefungwa kitambaani. Chini ya maandazi, kigingi changu! Akasema kwa sauti ya chini, "Kilikuwa ndani ya bomba, shemeji. Mimi sijakiona. Usipigilie tena pale." Nikamwahidi kwa moyo wote. Alikiokota kabla ya mtu mwingine, akakificha ndani ya gauni lake. Kwa ajili yangu! Wezi wa vyuma wamejaa.

Lakini Babu naye! Kukanyaga kigingi cha mtu mpaka kikaingia bombani! Sina kinyongo. Maana nani alimwita? Fimbo yangu. Ilitetemeka kilimani, na dakika ileile akafika. Nimewaeleza wote hivyo. Ufunguo hawajanipa, lakini nimeona wanafikiria.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nashukuru kwa mke, mbuzi, shemeji, Babu, na binti yule wa Windhoek mwenye kofia yenye alama ya kwato.

Nimemfungia Waziri mahali papya, si pale, kama nilivyoahidi. Ardhi yote ngumu kama mawe, isipokuwa ukanda mmoja laini, umenyooka kutoka kwenye tangi hadi kwenye hori, kana kwamba malaika wamenilimia. Mapigo machache tu ya nyundo, kigingi kikazama chote.

Mungu ni mwema.