Nilivyokipeleleza Kiwanda cha Magodoro

Jumatatu, 6 Oktoba
Simu kutoka kiwanda cha magodoro cha mtaa wa Sergeli, nilikopeleka maombi na picha yangu. Wananitaka niwe mkuu wa stoo. Aliyepiga ni meneja mwenyewe, Dada Mavjuda. Sauti ya upole. Jibu analitaka Ijumaa. Mke wangu Oydin kasema nikubali leo leo, kabla mama wa watu hajabadili mawazo. Oydin hajui dunia. Hapa kwenye kiwanda cha mapazia niliingia kwa sababu bosi, Hamidulla, alinichekea siku ya usaili. Hajacheka tena tangu hapo, na sisi katupiga marufuku kucheka. Safari hii sidanganyiki. Nitachunguza kwanza watu wa pale wanaishije.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimemwambia Hamidulla jino linaniuma. Nimeshinda kwenye mgahawa wa chai unaotazamana na geti lao. Mchana wafanyakazi wakatoka wakicheka. Nani hucheka katikati ya kazi? Nikamkaribisha mpakiaji mmoja, Tursun, nikamuuliza bosi wao yukoje.
"Yule mama hana neno, kaka. Ukifiwa, anakuja mwenyewe matangani."
Masikini. Amefundishwa la kusema. Nikamuuliza kwa kunong'ona ni nani anayefokewa zaidi. Akanitazama, akatazama chai yake, akaondoka bila kuimaliza. Hofu tupu.

Jumatano, 8 Oktoba
Jino bado "linauma". Nimeingia kiwandani kama mteja, miwani myeusi usoni. Binti wa mauzo akaniambia nilale nijaribu godoro. Nikalala, masikio wazi, nisikie wanavyogombana. Wakawa wanaulizana habari za watoto. Usiku sikuwa nimelala kwa mawazo, basi usingizi ukanichukua. Nilipoamka nimefunikwa blanketi, miwani imekunjwa kando yangu, na Dada Mavjuda amesimama miguuni.
"Kaka Ergash, ungesema tu. Tungekutembeza kiwanda kizima."
Nikamwambia mimi si Ergash, ni ndugu yake. Akasema nimsalimie Ergash. Nimerudi nyumbani kwa miguu. Sikutaka kuonekana na mtu kwenye basi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimemtuma Zafar, mdogo wake Oydin. Hana kazi, analala kwenye kochi letu tangu msimu wa matikiti. Nimemwagiza ajifanye anatafuta kibarua, achimbe ukweli. Akasema uongo haujui. Nikamwahidi koti langu la baridi, akaenda.
Karudi jioni ananukia pilau. Eti Alhamisi hula pamoja, na bosi ndiye anayepakua. Nikamweleza kuwa hivyo ndivyo watu wanavyonaswa.
"Shemeji, wewe ukipewa chakula unaona mtego," kasema. "Mbona mimi nimeshiba tu?"
Nilipomuuliza kama walimshuku, akasema hapana, aliwaambia mapema kwamba nimemtuma mimi.
Sikula chakula cha usiku.

Ijumaa, 10 Oktoba
Asubuhi Hamidulla kanisubiri mlangoni. Kasema jino haliwezi kuuma wiki nzima, na binamu yake ni daktari wa meno. Kanipeleka kwa gari lake mwenyewe. Ningekiri, ningefukuzwa. Nikaonyesha jino la kwanza lililonijia akilini. Lilikuwa zima. Halipo tena.
Mchana nikampigia Dada Mavjuda, mdomo umekufa ganzi, niombe muda hadi Jumatatu. Sikuweza kutamka. Akadhani nalia, akaongea taratibu. Kasema kwao mtu haajiriwi mpaka walio chini yake waulizwe. Wamewauliza. Tursun kasema nilimtazama kana kwamba yeye ni mfungwa.
"Sina kinyongo nawe, kaka. Lakini utaishije na watu usiowaamini hata wakikufunika blanketi?"
Nikasema "mmh". Ndilo neno pekee lililotoka.
Stoo atapewa Zafar. Kasema kijana ni mkweli.

Jumamosi, 11 Oktoba
Oydin kampikia mdogo wake manti, vile vifurushi vya unga na nyama. Mimi uji, kwa sababu ya kidonda. Hakunisema. Heri angenisema. Alikaa dirishani muda mrefu, kisha akauliza, bila kugeuka, kama kweli nataka kuondoka kwa Hamidulla. Nikamwambia ndiyo. Akasema sionekani kama mtu anayetaka. Nimelala kifudifudi hadi magharibi.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu, na naona nimenusurika. Kiwanda kinachomkabidhi Zafar funguo za stoo baada ya sahani moja ya pilau ni kiwanda cha ovyo. Uchunguzi wangu umefaulu.
Leo kapiga mzee mmoja wa kiwanda cha sabuni kilichoko mtaa wa Chilonzor. Anataka mtu wa stoo, haraka. Sauti ya upole mno. Oydin kanishika mkono, kanisihi niseme ndiyo. Nimemwambia mzee nitamjibu. Jirani yetu ana sare ya zimamoto. Kesho nitaiazima, niingie kukagua mitungi ya kuzimia moto.