Ombi la Kuvunja Ndoa ya Mizimu Ili Mimi na Mke Wangu Tuzunguke Visiwa

Kwako Mzee Ilaitia,
Mwenyekiti wa Kamati ya Mila ya Wilaya.

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba magimbi yako hayakuozeshwa na ile mvua ya juzi. Sisi huku Naqaravu tu wazima, ila tumekwama.

Mimi ni Eparama Tuivuya, mwalimu mstaafu. Siku ya harusi nilimwahidi mke wangu, Losalini, kwamba nitamzungusha nchi yetu yote ya Fiji: Ovalau, Taveuni, Kadavu, na visiwa vya Lau mpaka kile cha mwisho. Wakati ule alikuwa msichana wa kuruka mitaro. Sasa ni bibi wa wajukuu, na goti lake la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Daktari amemwambia kama kuna ngazi ya meli anataka kuipanda, aipande mwaka huu.

Kinachotuzuia si bahari, Mheshimiwa. Ni watani zetu wa Delaiwai.

Unajua kuliko mimi kwamba hapo zamani mzimu wa kwetu alimwoa dada wa mzimu wa kwao. Kwa sababu ya harusi hiyo, ambayo mimi sikualikwa, mtu wa Delaiwai anaweza kuingia kwangu leo, akanitukana, akachukua anachokipenda, nami sina ruhusa hata ya kununa. Nimevumilia. Lakini mzaha mzaha hutunga usaha, na usaha wenyewe ni huu:

1. Sanduku. Solomone Vakacegu, kinara wa watani zangu, alisikia tunasafiri akaja kutuaga. Alilisifu sanduku letu, akalinyanyua kupima uzito, akaondoka nalo, na nguo zetu zote zikiwa ndani. Jumapili alikuja kanisani amevaa sulu yangu ya kijivu, ile shuka ya kiunoni ya ibada, mkewe akiwa na gauni la maua la Losalini. Mchungaji aliwapongeza mbele ya waumini kwa kuheshimu nyumba ya Bwana.

2. Tiketi za meli ya Taveuni. Hizi nilizificha ndani ya Biblia, nikijua Solomone haifungui. Mkewe anaifungua. Wakaenda wao. Waliporudi walituletea picha yao wakiwa kwenye maporomoko ya maji, nyuma wameandika, "Mwalimu, huku ni kuzuri mno, usikose kuja."

3. Yaqona. Kufika kijiji cha watu mikono mitupu ni aibu, kwa hiyo nilikuwa nimefunga mafungu ya mizizi ya yaqona, kinywaji chetu cha heshima, fungu moja kwa kila kijiji tutakachoshukia. Solomone akaja na kaka zake. Walikaa kwenye mkeka wangu wakayatwanga na kuyanywa yote, tena kwa kufuata ratiba niliyoibandika ukutani. Kila kifuu kilipozunguka mmoja alitangaza, "Haya, tumetia nanga Levuka," na mwingine, "Mwalimu, mbona hupigi makofi, tunaingia Lau hii." Nikapiga makofi, kwa kuwa mila ni mila. Walipoinuka walikuwa wameizunguka nchi nzima, na mimi sijatoka sebuleni.

4. Losalini anacheka. Najua hili si kosa la Delaiwai moja kwa moja, lakini naomba liingizwe kwenye jalada. Anacheka mpaka anajishika goti, kisha anawapikia chai wezi wetu. Nilipomuuliza kinachomchekesha ni nini, alinijibu, "Wewe, baba. Safari unaipanga kama mtihani wa darasa la sita. Mwenzio akitaka kwenda anakwenda." Maneno hayo yaliniuma. Yaliniuma zaidi juzi, nilipomkuta gatini peke yake, amevaa viatu alivyoviweka kwa ajili ya safari, anaiangalia meli ikiondoka. Siku hiyo hakuwa anacheka.

Kwa hiyo naiomba kamati yako tukufu isimamishe utani wote baina ya Naqaravu na Delaiwai kwa majira haya ya kiangazi. Hilo likishindikana, iwatangaze watu wa Delaiwai kuwa majirani wa kawaida, ambao mtu anaweza kuwapeleka polisi. Na hilo nalo likishindikana, basi ivunje ndoa yenyewe ya mizimu.

Nimelitazama suala hili kisheria. Cheti cha ndoa hakipo. Mashahidi wote ni marehemu. Tena, kwa jinsi ninavyowajua watu wa Delaiwai, nina shaka kama mzimu wetu alioa kwa hiari yake. Naamini alichukuliwa, kama sanduku langu.

Natambua kwamba ndoa ikivunjwa, ukoo mzima wa Naqaravu utakuwa wa watoto wa nje ya ndoa, na wewe pia, maana mama yako ni wa kwetu. Niko tayari kuibeba aibu hiyo, na nakusihi na wewe ujikaze.

Ombi zito halifiki bila jino la nyangumi, nami nililiandaa, limesuguliwa na mafuta ya nazi. Solomone alipita kunijulia hali. Tafadhali lihesabu kuwa umelipokea, ila kulitazama itakubidi uende kwake.

Msalimie mama, wasalimie wajumbe wote wa kamati na yule binti yako anayesoma Suva. Solomone akifika huko msalimie pia, kwa kuwa mila hainiruhusu kumruka.

Wako mtiifu katika mila na katika mateso yake,

Eparama Tuivuya

Nyongeza: Mzee, barua hii usiisome kikaoni. Asubuhi, nilipokuwa natafuta bahasha, Solomone alikuja kutuonyesha mashua yake mpya. Ina injini mbili, paa la kivuli na viti vyenye mito. Niliteremka ufukweni kuisifu, shingo upande. Losalini alikuwa amekwisha kunitangulia. Aliingia majini na viatu vyake, akapanda, goti na yote, akakaa kiti cha mbele na kumwambia Solomone, "Mashua nzuri hii, mtani. Haya, shuka."

Kijiji kizima kilisogea kumtazama kama atanuna. Hakununa, masikini, alishuka. Maji yalimfika kiunoni, na sulu aliyovaa ilikuwa yangu.

Hii naituma kutoka Levuka, kisiwani Ovalau. Ratiba nimeisahau nyumbani. Naiomba kamati iilinde ndoa ya mizimu kwa nguvu zake zote, angalau mpaka tuimalize Lau, na atakayethubutu kuivunja apigwe faini.