Wastani wa Miaka Kumi

Jumatatu, 4 Aprili 1983. Mkuza, Kibaha.

Pasaka imeisha, mvua haijaisha. Chumbani beseni, sebuleni sufuria, na matone yanapokezana. Makuti yamechoka. Tereza amenikumbusha tena kwamba fedha za bati zimetimia, shilingi elfu mbili na mia nne, na kwamba mwezi huu paa liezekwe. Nimemkubalia kama mume mwema. Lakini kichwani nina jambo kubwa kuliko bati.

Jambo lenyewe lilikuja limefungia karanga. Jana nilinunua karanga pale Maili Moja, na karatasi yake ilikuwa ukurasa wa gazeti la Kiingereza la watu wenye fedha. Nimeusoma mara nyingi leo. Unasema hivi: ukitaka kununua hisa za umeme au za maji, usitazame faida ya mwaka mmoja. Chukua faida ya miaka kumi. Ya kila mwaka igeuze kwanza iwe kwa thamani ya fedha ya leo, maana shilingi ya zamani ilinunua kitu na ya sasa inanunua kiberiti. Jumlisha, gawanya kwa kumi. Huo wastani ndio faida ya kweli. Ulinganishe na bei ya hisa, utajua kama ni rahisi au ghali.

Sasa, Bi Mwanamvua, mjane aliyekuwa jirani yetu hapa kabla ya kurudi kwao Kisarawe, anauza hisa zake arobaini za Ushirika wa Taa. Ushirika huo una injini moja ya dizeli, unawasha maduka, baa na nyumba kadhaa kwenye njia ya Maneromango. Mwaka jana injini ililala miezi mingi ikingoja kipuri. Faida kwa kila hisa ikawa shilingi mbili. Yeye anataka sitini kwa hisa. Kila mtu anazikimbia. Mimi nazikimbilia.

Jumanne, 5 Aprili.

Nimemwambia bosi nina jino. Nimekwenda Kisarawe kwa kupitia Dar, nimelowa kote.

Bi Mwanamvua alinipokea vizuri, akaniwekea uji. Nikamwamkia, nikamuuliza faida ya ushirika ya kila mwaka tangu sabini na tatu. Hutangazwa mkutanoni, naye hajakosa mkutano. Alizitaja zote huku akipepeta mchele. Sabini na tatu, shilingi kumi na moja. Miaka iliyofuata, kumi na kitu. Baadaye nane, saba, tano.

Akaniuliza za nini. Nikamwambia nataka kuijua thamani ya hisa zake.

“Baba Stella,” akasema, “hizo zilishaliwa.”

Nilitabasamu. Watu wasiosoma magazeti.

Jumatano, 6 Aprili.

Kazi imeanza. Ili kuzigeuza faida za zamani lazima nijue bei za vitu kwa kila mwaka. Nimeanza na Tereza. Yeye hakumbuki miaka, anakumbuka watoto. Mwaka aliozaliwa Stellamaris doti ya khanga ilikuwa shilingi ishirini. Alipoota meno, ishirini na mbili. Watoto wetu wameishia sabini na sita, kwa hiyo bei nazo zimeishia hapo. Nimemwambia ni hasara kwa hesabu. Hakuona cha kucheka.

Kazini nilimweleza kidogo mwenzangu wa stoo, Abdala. Kidogo tu, kwa nia ya kumtia wivu. Abdala alipata cheo kabla yangu na hata leo anakikalia mezani kama kuku wa mayai. Alisikiliza huku akinoa penseli. Akasema mimi nitalala kwenye makuti mpaka nistaafu. Nimefurahi. Asiyeelewa hawezi kushindana.

Alhamisi, 7 Aprili.

Siku mbaya kidogo.

Nilikwenda dukani kuuliza bei ya khanga, sukari na mafuta ya taa, mwaka kwa mwaka. Mwenye duka akanitajia bei za serikali, kwa sauti ya mtu anayesoma risala. Nikamkonyeza. Nikamwambia naomba ile bei nyingine, ya ukweli, ya nyuma ya duka. Akafunga duka saa nne asubuhi.

Nilikuwa nimesahau. Redio wiki nzima inatangaza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Watu wanafukia sabuni mashambani. Na mimi nazunguka Mkuza nikiuliza bei ya magendo kwa sauti, nimechomeka kalamu sikioni.

Jioni akaja balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Salumu, na mwavuli wake. Nikamwamkia, akaitikia bila kukaa.

“Didas, nasikia unatafuta bei za magendo. Unauza nini?”

“Siuzi kitu, mzee. Natafuta wastani.”

“Huyo Wastani ni mtu wa wapi?”

Nilimweleza hesabu yote mpaka kikombe cha chai kikapoa. Alinitazama muda mrefu, kisha akamtazama Tereza, kama mtu anayempa mkono wa pole. Akasema hataniandikia ubaya, kwa kuwa ananijua. Lakini nikiuliza tena bei ya sukari mtaani, hataweza kunitetea mbele ya mgambo. Alisema kwa upole na bila mzaha. Mwezi huu wako watu wanaolala ndani kwa sababu ya sabuni.

Ijumaa, 8 Aprili.

Mambo yamegeuka. Mwenye duka ameamini kwamba mimi ndiye mpelelezi. Ametuletea mwenyewe kilo mbili za sukari, kwa bei ya serikali, akiuliza kama tunahitaji na mchele. Tereza alizipokea kabla sijafungua mdomo. Ni mara ya kwanza tangu Krismasi tumekunywa chai ya sukari. Ishara njema. Na bei nyingine zote nimezipata kwake bila kuuliza. Alizitaja akitoa jasho, akiapa kwamba hajawahi kuuza kwa bei hizo, amesikia tu.

Jumamosi, 9 Aprili.

Hesabu imekwisha. Nimeifanya mara mbili. Kwa bei za serikali, wastani wa faida kwa hisa moja ni shilingi ishirini na tano. Kwa bei za magendo ni sitini. Nilitazama ukurasa useme nichague ipi, lakini hapo ndipo mafuta ya karanga yalipotoboa. Nimechagua magendo. Ndiyo bei watu wanayolipa, na ndiyo inayopendeza.

Maana yake: hisa inauzwa shilingi sitini na faida yake ya kweli kwa mwaka ni sitini. Mwaka mmoja tu, fedha zimerudi. Nimeitazama karatasi kama mtu anayetazama mtoto mchanga.

Nikamweleza Tereza. Akauliza, na ile shilingi mbili ya mwaka jana? Nikamwambia ukurasa unakataza kutazama mwaka mmoja. Akauliza, na mwaka kesho? Nikamwambia ukurasa hauzungumzii mwaka kesho.

Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea. Alisema tangu tuoane ameniona nikifuga njiwa, nikipanda vanila na kungoja bomba la maji lipite uani kwetu, na hajawahi kuniona nikikaa na hesabu mpaka mwisho. Kwa hiyo atanipa nusu. Elfu moja na mia mbili. Nusu nyingine asinisikie nikiitaja. Nilikwenda nje nikamwaga beseni.

Jumatatu, 11 Aprili.

Abdala hakuja kazini. Amefiwa na shangazi.

Saa tano ndipo nilipokumbuka kwamba shangazi huyo alifariki Novemba, na kabla ya hapo Mei. Nikamuuliza mlinzi Abdala kaelekea wapi. Akasema kapanda basi la Dar, akiuliza magari ya Kisarawe yanaondokea wapi.

Jino langu likaanza upya.

Nilimkuta barazani kwa Bi Mwanamvua, anakunywa uji katika bakuli nililotumia mimi. Alikuwa amekwisha kumpa bei ya sabini. Nikasema sabini na tano. Akasema themanini. Bi Mwanamvua akaendelea na mchele wake, akinyanyua macho kila tulipopandisha kama mtu anayetazama mpira. Mimi nilikuwa na nguvu ya wastani nyuma yangu. Yeye Abdala hakuwa na hesabu yoyote. Alipandisha kwa kuwa mimi nimepandisha. Tulipofika mia na nane pumzi zikatuishia wote.

Badala ya hisa ishirini nimepata kumi na moja. Abdala kapata kumi. Zilizobaki Bi Mwanamvua kasema hauzi tena, fedha aliyotaka ameipata.

Tulitoka pamoja kungoja gari. Mvua ilikuwa imekatika. Kando ya barabara kulikuwa na magogo marefu mapya, yamepakwa dawa nyeusi, tukakaa juu yake. Tulianza kusemezana. Abdala akakiri kwamba hesabu yangu ilimnyima usingizi. Nikamsamehe. Tukakubaliana kwamba sisi ni watu wa kuona mbali.

Gari likafika. Utingo akatuambia tushuke kwenye nguzo za watu, suruali zitaganda lami. Nikamuuliza nguzo za nini. Akasema za umeme wa serikali. Zinasimamishwa mwezi ujao, mpaka Juni nyumba zote hapa zitakuwa na taa, hakuna atakayelipia tena injini ya ushirika.

Tulipokaribia Dar, Abdala akaniomba ule ukurasa. Akausoma mbele na nyuma. Akauliza ni wapi umetaja nguzo.

Jumanne, 12 Aprili.

Nimemwambia Tereza yote. Sikuficha hata bei. Hakugomba. Alijifunga khanga, akachukua ile nusu yake, akatoka. Jioni akarudi na mkokoteni wa bati. Fundi ameanza upande wa chumbani. Sebuleni makuti yanabaki. Kutoka barabarani nyumba inaonekana kama mzee aliyevaa kofia upande.

Usiku nililala pakavu kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze. Nililala vibaya.

Jumapili, 17 Aprili.

Mkutano wa ushirika, Kisarawe. Nilikwenda kama mwanachama. Abdala pia. Nilikwenda nikiwa na maneno makali kwa Bi Mwanamvua, na kabla ya mkutano nikamweka kando nikamwambia, kwa heshima, kwamba alijua habari za nguzo na hakusema.

“Uliniuliza miaka kumi ya nyuma, nikakujibu yote,” akasema. “Ya mbele hukuniuliza. Ungeuliza ningekwambia, tena bure. Njoo ukae.”

Nikakaa.

Mwenyekiti alitaka injini iuzwe chuma chakavu tugawane. Wengi walikuwa wakitikisa kichwa kukubali. Ndipo Bi Mwanamvua akasimama. Akasema injini inayozungusha taa inaweza kuzungusha kinu. Wanawake wa hapa wanatembea mpaka mbali kusaga mahindi, na wanaotwanga nyumbani mikono yao kila mtu anaiona. Yeye amekwisha nunua kinu cha mtumba kwa mtu wa Pugu, kwa fedha alizopata Jumatatu. Hapo watu wakageuka kututazama mimi na Abdala. Kinu hicho anakiweka kwenye ushirika, apewe hisa kwa thamani yake.

Katibu akauliza, mashine itapataje dizeli. Mama mmoja wa nyuma akajibu kwamba ofisa anayekula ugali atatoa kibali. Watu wakacheka, wakanyoosha mikono. Nilinyoosha wa kwanza. Abdala akanyoosha miwili, akaambiwa ashushe mmoja.

Jioni nilimweleza Tereza. Alisikiliza, akauliza kinu kinasaga debe ngapi kwa saa. Sikujua. Akasema wiki ijayo nikaulize hilo.

Jumamosi, 4 Juni.

Nimekuwa mbali na shajara hii kwa sababu nimekuwa na heshima. Kinu kinafanya kazi tangu katikati ya Mei. Nilikwenda kukiona. Foleni ya ndoo imefika barabarani, na Bi Mwanamvua amekaa mlangoni mweupe kwa unga kope mpaka nywele. Taa za serikali nazo zimewaka. Hakuna aliyelia. Ushirika bado unaitwa wa Taa, kwa kuwa kubadili muhuri ni gharama.

Leo limefika gawio la kwanza. Shilingi tisa kwa hisa. Nimempa Tereza zote mkononi. Amenunua misumari, na bati za sebuleni zitafuata polepole. Alicheka, akasema pengine njiwa nao wangefaa kama ningengoja. Nimeona ni wakati wa kusema wazi kwamba wastani ulikuwa sahihi. Haukukosea kitu ila injini itafanya nini. Abdala anakubali. Sasa tunakula chakula cha mchana pamoja.

Na ni Abdala aliyeleta habari. Kuna mtu kule Ruvu anauza fungu lake katika bwawa la samaki. Miaka ya sabini perege walikuwa wanazolewa kwa kikapu. Mwaka jana hakuvuliwa hata mmoja, na bei imeshuka mpaka huruma. Tumekwenda kuliona leo baada ya kazi. Ni shimo zuri, pana, kavu. Mwenyewe ni mwaminifu, ametueleza bila kuulizwa kwamba tangu mafuriko mto umehama, sasa unapita mbali kidogo, ng’ambo ya mashamba.

Abdala alisita. Nimemtuliza. Kesho baada ya misa tunarudi na kamba ya kupimia, tuwaulize wazee mto ulikuwa wapi kila mwaka tangu sabini na tatu. Tukichukua wastani, nina hakika unapita katikati ya bwawa.