Daktari wa Injini na Gari la Bi Hilaria

Jumapili ya Kanivali, kwenye gulio la magari makuukuu la mji wetu wa El Alto, ambako kila injini hukohoa na kudai haki zake, Nicanor Tintaya alikuta injini iliyonyamaza. Akasimama. Gari lilikuwa limewashwa, boneti iko wazi, na juu ya injini mwenye gari alikuwa ameweka kikombe chake cha api, ule uji wetu wa mahindi meusi. Uji haukutikisika hata kidogo.

Lilikuwa gari la Kijapani la kijani, pana, la kubeba ukoo. Usukani ulihamishwa kutoka kulia kwenda kushoto na fundi ambaye mshale wa mwendo aliuacha kulekule, kwa hiyo dereva akitaka kujua anakwenda kasi gani sharti amuulize abiria. Hayo ni mambo ya kawaida huku kwetu. Kilichomfanya Nicanor ameze mate ni ule ukimya.

Inafaa mjue kwamba Nicanor alikuwa daktari. Si wa watu. Mungu aliuepusha umma na janga hilo. Alikuwa daktari wa injini, cheo alichojitunuku mwenyewe baada ya kujitahini na kujifaulisha. Kila siku ya gulio alipita na koti refu, mtungi wa kioo na mpira mwembamba. Ncha moja ya mpira aliiingiza kwenye tundu la kijiti cha kupimia oili, akavuta, na mtungi ukajaa tope jeusi lenye harufu ya msiba. Tope hilo halikutoka kwenye injini. Lilitoka kwenye kifuko alichokibana kwapani, ndani ya koti, alimochanganya masizi, oili chafu na sukari guru. Mwenye gari akiliona, ama alilipa asafishiwe injini, ama aliliuza gari kwa bei ya kutupa. Usafishaji wenyewe ulikuwa kugusagusa hapa na pale huku akinong'ona, kisha kuvuta oili tena bila kubana kwapa. Katika udaktari wake wote hakuwahi kusafisha injini hata moja, wala kutazama kilichomo ndani. Angetazama cha nini, na tope anatembea nalo?

Siku hiyo lakini hakutafuta mteja. Alitafuta gari la kwake, na roho yake ilikuwa juu. Mama mkwe wake, Bi Casimira, tangu siku ya harusi hakuwahi kumwita kwa jina. Akimtaja kwa bintiye Delfina husema "huyo wako". Waume wa mabinti wengine wana magari. Yeye ana mpira na mtungi. Sikukuu ya Krismasi, mbele ya ukoo mzima, Nicanor alilewa akaapa kwamba Jumanne ya Kanivali, siku ambayo kila mtu huimwagia mali yake bia na maua ili Pachamama, mama ardhi, aibariki, gari lake litasimama mlangoni pa Bi Casimira. Bi Casimira alicheka mpaka akaomba maji. Na Jumanne yenyewe ndiyo hiyo keshokutwa.

Mwenye gari alikuwa Bi Hilaria Chuquimia, mjane muuza vitu vya sadaka: ubani, karatasi za rangi, na mafuta ya lama, mnyama wetu wa milimani, yanayochomwa kwa ajili ya Pachamama. Sketi zake zilirundikana, kofia yake ya duara imekaa upande, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye ukimwibia atakushukuru. Gari zima lilinukia mafuta ya nyama. Nicanor hakushangaa, kwa kuwa ndilo lililobeba bidhaa zake.

"Mama yangu," alianza, kwa sauti ya mleta tanzia, "hii injini imekaa kimya mno. Mtoto mgonjwa akinyamaza, si dalili njema."

"Kweli, baba daktari?"

"Hebu tumpime."

Mpira ukaingia, kwapa likabanwa, mtungi ukajaa. Watu wakakusanyika. Nicanor aliuinua mtungi kila mtu aone, akatangaza kwamba injini hii imeoza, haifai hata kutagiwa mayai na kuku, na kwamba tangi la petroli nalo, kwa harufu tu, ni marehemu. Bi Hilaria alijifuta machozi kwa ncha ya shali. Akawaomba waliosimama pale wawe mashahidi kwamba daktari mwenyewe ndiye aliyeita gari hili takataka, asije mtu kesho akalalamika kuwa aliuziwa takataka bila kuambiwa. Nicanor aliliona hilo ni jambo la busara sana. Akatoa akiba yake yote, pamoja na ile aliyoificha Delfina kwenye gunia la viazi vikavu, akaondoka na gari akipiga mluzi. Mjinga ndiye aliwaye, alijisemea, na kwa hilo hakukosea.

Akalificha gari uani kwa rafiki yake. Jumatatu watu wote wa El Alto walikuwa wakifagia na kusugua, kwa sababu Pachamama hapewi kitu kichafu abariki. Hapo Nicanor alipatwa na jambo geni: aliogopa. Binadamu unaweza kumdanganya, lakini Pachamama ni ardhi yenyewe, na kila injini inayovuja humvujia yeye. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza maishani, daktari akaamua kusafisha injini kweli.

Akafungua nati ya chini, akamwaga oili. Akatia mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili nyepesi, akaiwasha injini kidogo, akamwaga tena. Yakatoka mabonge ya manjano, mazito, yanayonukia jikoni. Akayakwangua yote kwa furaha ya mwanafunzi. Akabadilisha chujio. Akashusha tangi, na chini yake ndani akakuta kipande cha sabuni ya mche kimegandamana na bati. Alicheka sana, akajiuliza wajane hufulia wapi siku hizi, akakibandua, akasugua tangi kwa waya mpaka likang'aa. Akapuliza kabureta. Akatia oili mpya na petroli mpya, akageuza ufunguo.

Injini iliamka ikasema yote iliyokuwa imezuiwa kuyasema. Iligonga, ikalia chuma kwa chuma, ikatoa moshi wa buluu uliowafukuza mbwa wa mtaa. Chini ya gari petroli ikaanza kudondoka kupitia tundu alilokuwa amelisafisha vizuri. Nicanor aliketi chini akashika kichwa. Mafuta ya lama ndiyo yaliyokuwa injini, na sabuni ndiyo iliyokuwa tangi.

Alikwenda mbio mpaka kwenye kibanda cha Bi Hilaria.

"Mama, umenipiga. Umejaza mafuta ya lama kwenye injini."

"Mafuta ya lama hayana weusi, baba," alisema Bi Hilaria huku akipanga ubani. "Wewe jana ulitoa tope jeusi, gulio zima limeona. Lile tope lilitoka wapi?"

Nicanor akalibana koti lake kwapani.

"Na nani kakutuma uisafishe?" aliendelea kwa upole. "Nimeliuza gari hili mara nyingi, halijawahi kunirudia likiwa na hali hiyo. Mafundi wa hapa nawajua wote. Hakuna anayesafisha kweli. Ndiyo maana nilipokuona wewe nikasema, huyu ni wa kuaminika."

Mwishoni alimwonea huruma, akalinunua gari kwa uzito wa chuma. Nicanor akakubali, kwa kuwa gunia la viazi lilihitaji kurudishiwa chochote.

Jumanne alipanda kwenda kwa mama mkwe kwa miguu, akifanyia mazoezi uongo wa kueleza gari liko wapi. Alipofika langoni, uongo ukamkauka mdomoni. Katikati ya uwanja, likiwa na mataji ya maua na karatasi za rangi, lilisimama gari la kijani, limewashwa, kimya kabisa. Jana yake jioni Bi Casimira alikwenda kwa Bi Hilaria kununua ubani, akaona gari lenye kikombe cha uji juu ya injini, akashindwa kuondoka. Alilinunua kwa bei kubwa, na kila mgeni aliyeingia alitajiwa bei hiyo.

"Nimechoka kumsubiri huyo wako," alimwambia Delfina. Kisha akamgeukia Nicanor. "Si unajiita daktari? Basi lisafishe kabla hatujalimwagia bia. Injini na tangi, vyote."

Waume wa mabinti wengine walikuwa tayari wamekunja mikono ya mashati, na mmoja wao ameshaingia chini ya boneti na spana. Nicanor aliona mambo mawili kwa pamoja: akisema ukweli, amejianika; akisafisha, mama wa watu amekula hasara ya maisha.

"Toa mkono hapo, shemeji," alisema. "Ugonjwa huu haupasuliwi. Unavutwa."

Akatoa mpira. Akabana kwapa. Hakuwahi kudanganya kwa mapenzi namna ile. Tope likajaa mtungi mpaka shingoni. Bi Casimira akauliza na tangi je. Nicanor aliinama, akanusa kwa makini, akatangaza kwamba tangi ni safi, linanukia sabuni.

Bi Casimira aliutazama mtungi, akamlaani yule mjane aliyemuuzia uchafu ule. Akaisikiliza injini. Ilikuwa kimya kama ilivyokuwa, naye akaapa kwamba sasa imenyamaza zaidi. Akamgeukia mkwewe.

"Nicanor," alisema, mbele ya ukoo mzima. "Kumbe kazi unaijua."

Akampa chupa ya kwanza ya bia awe wa kwanza kuinywesha ardhi. Desturi ni kumwaga kidogo, nyingine mtu akanywa. Nicanor alimwaga chupa nzima mpaka tone la mwisho, maana katika uwanja ule Pachamama alikuwa shahidi wake wa pekee.