Daktari, Niachie Jicho Moja

Jumatatu, 3 Machi

Na ndiyo maana nasema wifi yangu ana wivu. Hakuna maelezo mengine. Mtu anakaribishwa chai kwa kaka yake, anakuta maharusi wapya wametulia kwenye kochi, mume anamtazama mkewe huku machozi yakimtiririka kwa mapenzi. Yeye anasema nini? Anasema hayo ni macho makavu.

Makavu! Na kola ya shati imelowa!

Niandike taratibu ili hasira ipungue. Mume wangu, Asali wangu, ni fundi saa. Ndoa yetu bado inanukia rangi mpya. Tangu mwanzo, kila akinikazia macho, chai haijapoa machozi yanamtoka. Siku ya harusi alilia kuanzia mlangoni hadi kwenye keki. Ukumbi mzima ulinyamaza. Shangazi zangu waliwageukia waume zao kwa jicho baya. Hadi leo wanawake wa mtaa huu wananisalimu kwa heshima. Machozi yale ndiyo cheti changu cha ndoa. Kile cha karatasi sijui hata kiko wapi.

Wifi yuko mapokezi kwenye kliniki ya macho, basi anajiona daktari. Kasema kaka yake anakodolea visaa kutwa bila kupepesa. Macho yanakauka, yanawasha, kisha yanamwaga maji kwa kulalamika. Eti kuna tiba ya mwanga. Ameshamwekea nafasi Alhamisi. Akamalizia kwa methali, kama kawaida yake: mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwongezea kipande cha keki. Kilikuwa cha juzi.

Asali akauliza kama kweli atapona. Akafurahi. Maskini, hajui anachonyang'anywa. Mimi je? Mwanamume asiyelia nitajuaje kama ananipenda?

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wangu: hana viatu, haendi. Rahisi! Kabla hajaamka nikazika viatu vyake vyote kwenye tenga la nguo chafu. Nikarudi kitandani, nikajifanya nimelala.

Akatafuta. Hakugomba, hakupaza sauti. Mume gani huyu jamani! Akaondoka na ndala zangu. Zile za waridi, zenye ua juu ya kidole.

Nikachungulia dirishani. Anavuka barabara na maua yake miguuni, visigino vimening'inia nje, anafuta macho. Muuza magazeti akampa shikamoo, akamwita bibi. Moyo ukanikatika. Mume wangu achekwe na mimi ninatazama? Nikafukua viatu, nikamkimbilia nikiwa na gauni la kulalia. Nikamvalisha mwenyewe, nikamfunga kamba vizuri. Nilipoinua kichwa tulikuwa tumesimama mlangoni mwa kliniki. Wifi akatupokea kwa meno yote.

Daktari ni mama mpole mwenye miwani. Akamgeuza Asali kope, akaiminya kidogo. Akaeleza kwamba kingo za kope zina vifuko vidogo vya mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayozuia machozi yasikauke. Ya Asali yameganda kama samli asubuhi ya baridi. Ipo mashine ya mimweko mikali ya mwanga, lakini ngozi nyeusi kama yetu inaweza kuungua, kwa hiyo yeye anatumia barakoa ya mwanga mwekundu. Inapasha kope polepole, mafuta yanalainika. Wiki baada ya wiki, mpaka jicho lizoee. Haiumi.

Nikaomba tuzungumze faragha. Nilikuwa nimejipanga. Nikamweleza kwamba fundi saa hutumia jicho moja tu kazini, la kulia, ndilo analobandikia kioo cha kukuzia. Basi la kulia alitibu, ni haki ya wateja. La kushoto aniachie mimi.

Akavua miwani. Akauliza la kushoto nalitakia nini. Nikasema la kulilia.

“Binti yangu,” akasema, “barakoa hii haina nusu.”

Nje ya mlango nikasikia mtu anageuza kicheko kuwa kikohozi. Simtaji jina, ni wifi yangu.

Wakamvalisha. Loo! Uso mzima unawaka kama taa ya nyuma ya gari. Kalala mikono kifuani, mzuri hata akiwa taa. Nikamshika kidole gumba mpaka mwisho.

Jumamosi, 8 Machi

Daktari kanipa kazi ya nyumbani: kila jioni kitambaa cha maji ya moto kiasi juu ya kope za Asali, kisha kukanda taratibu. Kanipa mimi! Fisi kakabidhiwa bucha.

Jana maji nikayatoa kwenye friji. Yagande tena mafuta hayo, yarudi yalikotoka. Asali akashtuka kidogo, kisha akasema mikono yangu ina baraka. Akasinzia anatabasamu. Nikajisikia kama mwizi wa sadaka. Lakini si sana.

Asubuhi hii akanitazama mezani. Machozi tele! Nikampigia wifi kumpa pole kwa mwanga wake kushindwa. Akauliza maji yalikuwa ya moto kiasi gani. Nikakata simu. Mtandao ulikuwa mbaya.

Jumatatu, 10 Machi

Nilimpelekea Asali chakula kazini. Sikupiga hodi, nilitaka kumfuma akiniwaza.

Hakuwa ananiwaza. Mezani ilikuwepo saa ya mzee mmoja aliyeketi kando akisubiri, iliyoachwa na marehemu mkewe, imefunguliwa mgongo. Asali ameshika kwa kibano skrubu ndogo kuliko chembe ya sukari. Anafuta jicho. Anabandika kioo. Kioo kinaingia ukungu. Anafuta tena. Skrubu ikaruka.

Tukaitafuta sote kwa magoti, na mzee pia. Aliyeiona ni mzee. Akaichukua saa yake kwa adabu, akasema atarudi siku nyingine. Hakusema ipi.

Asali akakaa kwenye kigoda chake bila kunigeukia. “Mke wangu, nikishindwa kuona skrubu mimi ni fundi gani? Sina kazi nyingine ninayoijua.”

Bakuli likanielemea mikononi kama jiwe. Nilimwambia kuhusu maji ya friji? Hapana, ndoa si mahakama. Lakini jioni nikachemsha birika, nikapima joto kwa kiwiko kama maji ya kumwogeshea mtoto, na kila kitambaa kilipopoa nikakibadilisha. Nikamkanda kwa vidole vyepesi, huku nikiyaaga machozi yangu. Mmoja wetu alilazimika kulia, basi nililia mimi.

Jumapili, 23 Machi

Barakoa imemwakia Asali wiki baada ya wiki, nami nimechemsha maji bila kukosa hata jioni moja. Sina la kujilaumu. Yule mzee karudi. Saa yake inatembea! Asali kaifunga skrubu kwa mkupuo mmoja, akaja nyumbani anapiga mluzi.

Furaha yake ni yangu. Ila ilibidi nijue. Nikavaa gauni la harusi. Zipu ilikataa kufika juu, nikakaa nimeegemea ukuta. Nikamwambia anitazame.

Akatazama. Nikangoja. Chai ikapoa. Ikafanya utando. Macho yake meupe, maangavu, hayana hata tone. Anapepesa vizuri kama alivyofundishwa kliniki, kisha anarudi kwangu. Nikasema moyoni, basi tena, nimebaki na fundi saa.

Akasogea. Akaweka kidole chini ya mdomo wangu.

“Kumbe una kidoti hapa.”

Akacheka kama mtu aliyeokota pete. Akanieleza kwamba siku ya harusi hakuona kitu, ukungu mtupu. Alikubali kitu cheupe kinachonukia vizuri, akaomba kimoyomoyo kiwe ni mimi. Tangu hapo alikuwa akinitazama kwa vipande vipande, kila akinifikia usoni macho yanamwagika, anaanza upya.

“Ningekuoa tena leo,” akasema. “Na leo naona.”

Zipu ikaachia kabisa. Acha iachie! Nimemsamehe wifi. Nimempelekea keki ya leo, nzima. Na naapa hapa kwa wino: mapenzi hayapimwi kwa maji ya machoni. Nimekuwa mtu mzima. Sitasoma tena dalili mwilini mwa mume wangu.

Jumatano, 26 Machi

Asali anapiga chafya!

Tangu jana. Nikiingia chumbani, chafya. Nikitoka, kimya. Nimehakikisha: ndani, nje, ndani, nje. Haikosei. Nikimkumbatia ndiyo anazipiga mfululizo hadi anashika ukuta. Mapenzi yamemjaa mpaka yanatokea puani.

Wifi kapita mchana, kasimama mlangoni, kanusa. Kauliza haya manukato mapya nimeyanunua lini. Juzi, yanahusiana nini? Kasema ni mzio. Kasema yupo daktari wa pua anayemfahamu, anaweza kumwekea kaka yake nafasi. Nikamshukuru sana, nikamsindikiza hadi barabarani ili nihakikishe anaondoka.

Nimejipulizia tena, kidogo tu, shingoni. Na mama nimeshampigia. Nimemwambia apange viti sebuleni na afungue madirisha, maana kabla mwezi huu haujaisha tunakuja kumtembelea. Mkwe wake atakaa katikati, mimi nitaingia taratibu kutoka jikoni, na mama atajisikilizia mwenyewe ninavyopendwa.